Klachi na giaboksi ya trekta kuukuu: maswali yanayoulizwa kila msimu

Mvua za Machi zikianza, kila trekta inayotembea kati ya Tororo na Masindi, huku Uganda, ina foleni ya ekari zinazoisubiri. Nyingi ni za umri wa babu: Massey Ferguson 135 na 165, zilizoanza kuundwa 1964, MF 240 iliyokuja baadaye, na Ford 5000. Injini zake ni ngumu kufa. Kinachosumbua kiko nyuma ya injini, na fundi akiitwa, neno lake la kwanza mara nyingi ni "tuipasue". Kupasua maana yake kutenganisha injini na giaboksi, kazi ya siku nzima au zaidi, na mpunga wa watu hausubiri. Majibu haya ni ya mwenye trekta na dereva wake, ili wajue ugonjwa kabla spana haijagusa bolti za katikati.

Trekta imegoma kwenda. Nianzie wapi?

Anza na dereva, na umhoji vizuri. "Klachi imekufa" si jibu. Je, injini inapanda sauti huku trekta imebaki palepale? Gia zinalia zikiingia? Gia inaingia halafu inatoka yenyewe? Ilianza kidogokidogo kwa wiki kadhaa, au ilikatika ghafla kwa kishindo? Klachi inayokwisha huaga mapema. Shafti ikivunjika haiagi mtu.

Kisha angalia vitu ambavyo havina gharama: plei ya pedali (ule ulegevu wake wa mwanzo), vyuma vinavyoiunganisha na klachi, kiwango na rangi ya oili ya giaboksi, na kile kishimo kilicho chini ya hausingi (kasha) ya klachi. Hakikisha pia leva ya hai na lo, ile ya kuchagua mwendo wa kasi au wa polepole, haijakaa katikati. Unaweza kucheka, lakini fundi amewahi kupandishwa boda kilomita nyingi kwa sababu ya leva hiyo.

Nitajuaje kama klachi inateleza?

Shambani utaiona plau ikiwa ndani ya udongo: injini inapanda, mwendo unashuka, na harufu ya kuungua inakuja. Ukitaka kuwa na hakika, peleka trekta mahali tambarare, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Unganisha pedali mbili za breki kwa komeo lake, vuta breki ya mkono na ukanyage breki kwa nguvu. Tia gia kubwa kabisa, injini ikizunguka kwa wastani tu, halafu achia klachi taratibu.

Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma na trekta imesimama, klachi inateleza. Kanyaga klachi hapohapo. Jaribio hili ni la sekunde mbili tatu; ukilirudia mara nyingi kuwaonyesha majirani, utakuwa umeiunguza pleti iliyobaki, ile sahani ya klachi inayoshika.

Pedali inatakiwa kuwa na plei kiasi gani?

Bonyeza pedali kwa mkono, maana mguu hauhisi. Ile sehemu inayoshuka kwa urahisi kabla hujakutana na uzito ndiyo plei. Kwa trekta nyingi za aina hii ni sentimita 2 mpaka 4 kwenye pedali. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha trekta yako, na baadhi ya vitabu hupimia kwenye mkono wa chini badala ya pale unapokanyagia.

Jambo ambalo madereva wengi hulishangaa ni kwamba pleti ikilika, plei hupungua. Vidole vya presha pleti (bamba linaloibana pleti) vinarudi nyuma kuelekea rilizi beringi (beringi inayosukumwa na pedali), mpaka siku moja beringi inakaa imevigusa muda wote. Hapo klachi haifungi kikamilifu, inateleza, inapata joto, na inalika haraka zaidi. Ndiyo maana kurekebisha plei mapema kunaweza kukuokolea pleti, na kuchelewa kunaiua. Ukifika mwisho wa uzi wa kurekebishia na plei bado haipatikani, pleti imekwisha na hakuna ujanja mwingine.

Plei ikizidi sana, tatizo linageuka: klachi haikati. Kabla ya kukaza chochote, tikisa pini na bushi za vyuma vya pedali. Trekta ya miaka hamsini huwa na pini zilizolika nusu, na nusu ya mwendo wa pedali inapotelea humo. Pini mpya unachongewa na mtu wa lathe kwa pesa ndogo.

Mtazame na dereva mwenyewe akiwa kazini. Gambuti lililopumzishwa juu ya pedali kutwa nzima ni sawa na klachi isiyo na plei.

Pleti ni mpya, lakini inateleza na kunuka. Nimeuziwa feki?

Labda. Kwanza lala chini ya trekta utazame kishimo cha hausingi, ambacho kwenye Massey huwa na pini ya miguu miwili (spliti pini) inayoning'inia. Pini hiyo imewekwa icheze ili tope lisizibe tundu. Ukiona oili inadondoka hapo, pleti inalowa, na hata pleti halisi kutoka kiwandani itateleza.

Rangi itakuambia oili imetoka wapi. Nyeusi tii ni ya injini: sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, imechoka. Ya rangi ya asali, au ya maziwa kama ina maji, ni ya giaboksi: sili ya shafti inayoingia kwenye klachi. Kama kishimo ni kikavu, kizibue kwanza kwa waya kabla ya kushangilia. Tope likikiziba, oili hujikusanya ndani bila wewe kujua.

Pleti iliyonyonya oili haiponi kwa kuoshwa na petroli. Itashika siku mbili, kisha joto litaitoa oili iliyojificha na utarudi pale pale.

Gia zinalia kila nikizitia. Ni giaboksi au klachi?

Giaboksi nyingi za umri huu hazina sinkro (kifaa kinacholainisha kuingia kwa gia), kwa hiyo kulia kidogo ukiharakisha ni kawaida yake. Jaribu hivi: trekta imesimama, injini iko taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole mpaka kumi, ndipo utie rivasi. Ikiingia kimya, klachi inakata vizuri, na dereva ndiye anayehitaji subira. Ikilia hata baada ya kusubiri, klachi haikati. Ushahidi mwingine: ukiwa na gia na pedali iko chini kabisa, trekta bado inanyata mbele.

Sababu ya kwanza ni plei iliyozidi. Baada yake zinakuja zile ambazo huwezi kuziona bila kupasua: pleti iliyopinda, splaini (mifereji iliyochongwa kwenye shafti) zenye kutu ambazo pleti haiwezi kuteleza juu yake, kidole cha presha pleti kilichovunjika, au pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti) iliyojifunga ndani ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na kuendelea kuzungusha shafti hata klachi ikikata.

Trekta ililala kiangazi chote. Sasa klachi imeganda kabisa.

Huu ni ugonjwa wa trekta zinazolala chini ya mwembe. Unyevu unaingia, pleti inashikana na flaiwili kwa kutu, na pedali inashuka kama kawaida ila hakuna kinachoachia. Wanaolima mpunga huko Butaleja wanaufahamu zaidi, kwa sababu maji ya tope yakipanda mpaka tumboni mwa trekta, yanaingia kwa kishimo kilekile.

Usikimbilie kupasua. Washa injini ikiwa nyutro, iache ipate moto kabisa. Izime, kanyaga pedali mpaka chini na uitege kwa ubao usiku mzima. Mara nyingine asubuhi utasikia imejiachia yenyewe. Isipoachia, nenda kwenye uwanja mpana usio na mtu wala mtaro. Injini ikiwa imezimwa, tia gia ya juu, pedali iwe chini, uwashe trekta, ianze kutembea, kisha ukanyage breki zote mbili kwa mkupuo huku ukipandisha na kushusha mafuta. Ukumbuke kwamba trekta itaanza kutembea stata ikigusa tu, na kwamba hutaweza kuisimamisha kwa klachi. Mkono mmoja uwe kwenye kizimio cha injini. Trekta ambazo stata yake haikubali gia ikiwa ndani zinasukumwa au kuvutwa, na hiyo ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana.

Usiinue magurudumu ya nyuma kwa jeki ukafanya haya yakiwa hewani. Jeki ikiteleza, trekta inaondoka na wewe.

Nikikanyaga klachi mpaka mwisho, haidroliki inakufa. Imeharibika?

Hapana. Massey nyingi za zamani zina klachi ya hatua mbili. Pedali ikifika katikati, magurudumu yanasimama huku PTO, mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, ikiendelea kuzunguka. Ukiimalizia mpaka chini, PTO inasimama, na pampu ya haidroliki nayo inasimama kwa sababu inazungushwa na shafti hiyohiyo. Kwa hiyo plau haitapanda pedali ikiwa chini kabisa. Trekta imeundwa hivyo.

Hatua hizi mbili ukizijua, zinakusaidia kupima. Trekta ikivuta plau vizuri lakini mashine ya kukoboa au ya kukata nyasi inakosa nguvu, na mikono ya nyuma inapanda kwa uvivu, shuku pleti ya pili, ile ya PTO. Ikiwa PTO ina nguvu lakini magurudumu yanalegea, ni pleti kuu. Na ikiwa PTO haisimami hata pedali ikigusa chini, huenda plei ni kubwa mno, au zile bolti za hatua ya pili hazikupimwa sawa klachi ilipofungwa.

Ford 5000 yenye PTO ya kujitegemea haiko hivyo. PTO yake ina klachi yake ya nyuma, inayofanya kazi kwa presha ya oili, na pedali haiigusi. Usitumie majibu ya Massey kuihukumu Ford.

Kuna kelele. Nitatofautishaje beringi?

Kaa kwenye kiti, injini taratibu, gia nyutro, na usikilize pedali ikiwa juu. Sasa iguse kidogo tu, vidole vianze kuguswa. Mlio ukianzia hapo, ni rilizi beringi. Mlio uliokuwepo pedali ikiwa juu na kupotea ukikanyaga mpaka chini unatoka kwenye beringi za giaboksi, hasa ya shafti inayoingia. Unaotokea tu pedali ikiwa chini na gia imeingia, unaweza kuwa wa pailoti beringi. Na kelele inayofuata mwendo wa magurudumu, ikibadilika unapovuta na unapoachia mafuta, iko nyuma zaidi: pinioni na krauni, gia za difu inayogawa nguvu kwa magurudumu.

Chuma kirefu chenye ncha moja kwenye hausingi na nyingine karibu na sikio bado ni kifaa kizuri. Kikae mbali na feni na PTO, na mikono ya shati ifungwe.

Gia ya tatu inatoka yenyewe nikiteremka.

Wengi huifunga leva kwa kamba ya tyubu. Inashika, ndiyo, lakini sasa uma wa gia (chuma kinachosogeza gia) unasukuma muda wote na kusagika, na ukarabati wa shilingi kidogo unageuka kuwa mkubwa.

Anza juu: fungua kifuniko cha giaboksi uangalie springi na goroli zinazoshikilia fito za gia mahali pake. Springi zilizochoka au kuvunjika ni bei ya chai. Halafu tazama meno yenyewe. Jino zima lina kona kali. Lililopigwa miaka mingi na gia za kulazimisha limekuwa mviringo upande wa kuingilia, na likibebeshwa mzigo linateleza nje. Hapo springi mpya itakusaidia kwa msimu mmoja tu. Mwisho, sukuma shafti mbele na nyuma kwa bisibisi. Ikitembea waziwazi, beringi zimelegea, na hakuna gia itakayokaa.

Leva imekwama na trekta haiendi mbele wala nyuma.

Pengine gia mbili zimeingia kwa pamoja. Ncha ya chini ya leva ikilika, inaponyoka kutoka uma mmoja na kwenda wa pili kabla wa kwanza haujarudi nyutro. Zima injini, fungua kifuniko, rudisha fito zote kwenye nyutro kwa bisibisi pana, na leva ikae mahali pake. Hii haihitaji kupasua. Lakini ncha isipojazwa kwa welding na kusagwa upya, tatizo litarudi siku uko katikati ya barabara ya Soroti na trela limejaa.

Oili ya giaboksi imekuwa kama chai ya maziwa.

Ni maji. Kwenye Massey yanaingia hasa kwa mpira wa leva ya gia uliopasuka, trekta ikinyeshewa mwaka mzima. Weka mpira mpya. Kavera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa vizuri itakufikisha sokoni, si zaidi.

Oili hiyo ndiyo inayoendesha pia haidroliki, kwa hiyo maji yanakula giaboksi na pampu kwa pamoja. Iache trekta usiku mzima, asubuhi legeza nati ya kumwagia taratibu; maji yaliyojitenga hutangulia kwa kuwa ni mazito. Mwaga iliyobaki ikiwa ya moto, safisha kichujio cha pampu, jaza, fanya kazi siku chache na umwage tena. MF 135 inabeba karibu lita 30, kwa hiyo najua inauma. Mara ya kwanza tumia oili ya bei nafuu lakini ya aina inayofaa.

Ukimwaga, pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vyenye umbo la jino au ganda la beringi ni habari nyingine kabisa.

Oili gani?

Kwa Massey ambayo giaboksi na haidroliki zinatumia oili moja, nunua oili ya trekta iliyotengenezwa kwa kazi zote mbili, na ulinganishe maandishi ya mtungi na kitabu. Oili nzito ya difu ya lori ya daraja la GL-5 usiitie humo: ni nzito kwa pampu, na dawa zake zinaweza kula vyuma vya shaba nyekundu na njano. Oili iliyotumika ya injini usiitie popote.

Kwenye Ford 5000 ya gia nane, giaboksi na ekseli ya nyuma zina oili tofauti. Ukikuta giaboksi imejaa kupita kiasi na nyuma pamepungua, au kinyume chake, sili kati yao inavuja.

Gia imeingia, klachi iko juu, injini inazunguka, lakini magurudumu hayaendi.

Hapa MF 135 ina siri nzuri. Leva yake ya PTO ina nafasi tatu, na moja huizungusha PTO kufuata mwendo wa magurudumu, ikichukua nguvu kutoka pinioni. Weka nafasi hiyo, tia gia ndogo, achia klachi, na mtu atazame mhimili wa PTO kwa mbali. Mhimili ukizunguka huku magurudumu yamelala, klachi na giaboksi ni nzima. Ugonjwa uko nyuma. Usipozunguka, ni pleti iliyong'oka katikati, shafti, au gia zenyewe.

Ukishajua ni nyuma, kanyaga loki ya difu na ujaribu tena. Trekta ikianza kutembea, hafu shafti moja (mhimili wa kuelekea gurudumu la upande mmoja) imekatika: difu ilikuwa inapeleka nguvu zote upande usio na kitu. Kung'oa hafu shafti ni kazi ya upande wa gurudumu. Trekta ambayo ingepasuliwa kati kwa kosa inabaki nzima.

Yangu ina Multi-Power (ya kubadili kasi bila kukanyaga klachi). Inavuta kwenye Low, kwenye High haivuti.

Low ni ya chuma kwa chuma. High inashikwa na klachi ndogo inayobanwa kwa presha ya oili. Kwa hiyo angalia kiwango cha oili, pampu yake, na mwishowe klachi hiyo. La hatari ni kwamba ukiwa Low, injini haizuii trekta mteremkoni. Inakimbia kana kwamba iko nyutro. Kwenye miteremko ya Kapchorwa ukiwa na trela la mahindi, weka High kabla ya kuanza kushuka, na kama High yako haishiki, usishuke na mzigo.

Imebidi tuipasue. Nisimamie nini?

Betri itolewe kwanza. Kabari za mbao ziingie pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na fremu, la sivyo injini italala ubavu ikishaachana na giaboksi. Stendi imara chini ya kila nusu. Jeki peke yake haitoshi.

Ikishafunguka, badilisha pamoja pleti, rilizi beringi, pailoti beringi, sili ya krenki na sili za giaboksi. Vifaa hivyo vidogo ni rahisi kuliko kupasua mara ya pili. Flaiwili yenye nyufa au mabaka ya bluu ipelekwe kwa mtu wa lathe. Vidole vya presha pleti vipimwe viwe kimo kimoja, na pleti iwekwe katikati kwa shafti ya kupangia.

Wakati wa kufunga, nusu mbili zikikataa kukutana sentimita za mwisho, marufuku kuzivuta kwa bolti. Splaini hazijalingana. Zungusha injini kidogo kwa mkono na zitaingia. Anayekaza bolti hapo anapinda pleti mpya.

Spea nizitafute wapi, na feki nitaijuaje?

Kisenyi mjini Kampala utapata karibu kila kitu cha Massey na Ford, na walio karibu na Busia huagiza pia kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Nenda na pleti ya zamani mkononi. Pima kipenyo, kwa kuwa MF 135 zipo za inchi 11 na za inchi 12, na uhesabu splaini. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi. Tazama ribiti: vichwa vyake viwe vimezama vizuri chini ya uso wa pleti, na springi za katikati zisicheze. Kabla fundi hajafunga, pleti iteleze bure juu ya shafti ya trekta yako. Ikikwama hapo, irudishe dukani ingali safi.

Stata haigusi kabisa tangu tulipofunga giaboksi.

Angalia leva ya hai na lo. Kwenye MF 135 stata inakubali tu leva hiyo ikiwa nyutro, kwa swichi ndogo ya usalama. Kama waya wake haukurudishwa, urudishwe. Usiunganishe stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini kando ya gurudumu la nyuma. Gia ikiwa imeingia, trekta itawaka na kukupanda kabla hujaruka.